Begi limefuliwa? Jinsi tulivyopanga tovuti ya duka letu Moshi

Mimi na wifi yangu tunakodisha vifaa vya kupandia mlima hapa Moshi mjini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stendi ya mabasi. Mabegi ya kulalia, makoti ya baridi, suruali za mvua, buti, fimbo, taa za kichwani, na zile gaita za kufunga miguuni ili vumbi na theluji visiingie kwenye viatu. Ni duka dogo. Vitu vingi tumenunua kwa wageni walioshuka mlimani na hawataki kurudi navyo kwao, vingine tumevichambua wenyewe kwenye mitumba ya Memorial.

Biashara ilikuwa inakwenda kwa simu na kwa mdomo. Mgeni amesahau koti, anamwambia anayemwongoza, mwongozaji anamleta kwetu na anakula kamisheni yake. Hakuna ubaya, ndivyo mji huu unavyoishi. Lakini kuna mteja mwingine ambaye yuko kwao bado, ndege yake ni mwezi ujao, anakaa usiku na simu anatafuta wapi atakodi begi la kulalia Moshi badala ya kununua jipya atakalolitumia mara moja maishani. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtaka, na huyo huwezi kumpata kwa kusimama mlangoni.

Kijana wa kompyuta tuliyemwita alikuwa mzuri wa kazi na mchache wa maneno. Alifungua laptopu juu ya kaunta akauliza, "Dada, mnataka kurasa ngapi?"

Wifi akamjibu kabla yangu. "Kwani bei inakwenda kwa kurasa, kama fotokopi?"

Ilikuwa inakwenda kwa kurasa. Tukamwomba aturudie baadaye, tutampigia tukishakuwa na maandishi mkononi. Alishangaa kidogo, kwa sababu wateja wake wengi humwachia yeye kila kitu, naye huchukua muundo uliotengenezwa tayari akajaza majina. Nina jirani, biashara yake ni nzuri tu, ambaye mpaka leo ukurasa wake wa "Kuhusu sisi" umeandikwa Kilatini. Ni yale maneno mafundi huyaweka kushikilia nafasi wakisubiri mwenye duka alete ya kwake. Mwenye duka anasubiri fundi, fundi alishalipwa.

Basi jioni, tukishafunga, nikawa nakaa na simu ya duka na kaunta buku. Nikapandisha meseji zote za WhatsApp za msimu uliopita na kila swali la mteja nikaliandika mstari wake; likijirudia napiga alama pembeni. Inachosha, macho yanauma, na nusu ya meseji ni "Hi" tupu. Lakini daftari lile ndilo lililokuwa ramani ya tovuti, na kila tulichokifanya baadaye kilitoka humo.

Wifi aliweka dau la soda kwamba bei ndiyo itaongoza. Akanunua soda. Swali lililoongoza kwa mbali lilihusu usafi. Begi hili limefuliwa? Mnalifua kila mteja akilirudisha, au mara moja kwa msimu? Mnafua na nini? Mama mmoja wa Ujerumani aliuliza hivyo hivyo kwa namna tatu tofauti katika meseji moja, na ukifikiri vizuri ana haki, maana anakwenda kulala humo usiku sita na pua yake imo ndani.

Hapa sisi tulikuwa na la kusema, kwa sababu kufua begi la kulalia lililojazwa manyoya ya bata si kama kufua blanketi. Wifi ndiye bingwa. Anatumia beseni kubwa, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo sana, halafu analibonyeza kwa viganja, halisuguliwi. Halikamuliwi kwa kusokotwa, kwa sababu mishono inaachia na manyoya yanavunjika. Linasuuzwa hadi maji yatoke meupe, maana sabuni ikibaki ndani manyoya yanashikana mabonge na begi halitunzi joto tena. Kulitoa kwenye beseni unapitisha mikono yote miwili chini yake ulinyanyue zima; ukilivuta kwa ncha moja uzito wa maji unachana vile vyumba vya ndani vinavyoyagawa manyoya. Linalazwa juu ya wavu kivulini, halianikwi kwenye kamba, na kila baada ya saa chache mtu anapita akiyafumua mabonge kwa vidole. Februari linakauka upesi. Julai, mji ukiwa umejifunika mawingu na watu wamevaa masweta mpaka saa sita mchana, ni kazi ya siku kadhaa. Na Julai ndiyo wageni wamejaa.

Kijana wa kompyuta alipendekeza jambo hilo liwe mistari miwili mwishoni, kwenye maswali ya kawaida. Nikakataa. Likapewa ukurasa wake mzima na picha za wifi kwenye beseni, na chini yake tumeandika kwamba wa Julai na Agosti wahifadhi nafasi mapema, kwa sababu begi likirudi leo halitoki kesho. Ule ndio ukurasa watu wanautaja wakifika dukani. Wengine wanaomba kumwona mama wa kwenye picha.

Swali la pili kwa wingi lilikuwa, "Nahitaji nini?" Fundi alishakuja na mpangilio: Wanaume, Wanawake, Vinginevyo. Ndivyo maduka ya nguo ya mtandaoni yalivyo. Lakini mtu anayepanda mlima wetu hafikirii hivyo, anafikiri atakuwa wapi na atasikia baridi kiasi gani. Tukapanga vitu kwa kufuata mlima wenyewe. Msituni, chini, tatizo ni mvua na tope: koti la mvua, gaita, mfuko wa kufunika begi. Ukitoka msituni jua linachoma mchana na usiku unaganda: kofia pana, miwani, nguo za kuvaa moja juu ya nyingine. Halafu ule usiku wa mwisho, wanapoondoka kambini karibu na saa sita usiku ili jua liwakute juu, kwenye mita 5895. Kule joto linaweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na ndipo koti zito, glovu nene na taa ya kichwani yenye betri mpya vinapodaiwa kwa pamoja.

Juu ya hayo tukaweka swali moja la kuanzia: unapanda kwa njia ipi? Anayepita Marangu analala kwenye vibanda, Mandara, Horombo na Kibo, hana haja ya kuulizia hema wala godoro, ila begi la kulalia anahitaji vilevile, na wengi hawalijui hilo. Anayepita Machame, Lemosho, Rongai au Umbwe analala kwenye hema. Mahema kampuni yake ndiyo inampa, sisi hatukodishi, na tukaliandika hivyo waziwazi. Ile sentensi moja ya "mahema hatukodishi" imetupunguzia meseji kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye bei tukabishana. Wifi hakutaka ziandikwe. "Jirani atazisoma, kesho yake anashusha mia tano." Mimi nilisema jirani anazijua tayari, anawatuma vijana wake waulize. Tukiwa katikati ya ubishi akapita mzee mmoja mwongoza wageni, aliyeanza mlima mimi nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mnagombania nini?"

Tukamweleza. Akacheka. "Mkificha bei, mgeni atajua mnasubiri mumwone sura kwanza."

Wifi akanyamaza, kwa sababu ni kweli hapa mjini kuna bei ya sura. Zikaandikwa. Tukabadilisha na namna ya kuhesabu: badala ya kwa siku, kwa safari moja ya mlima, hadi siku nane, maana ile ya siku ilikuwa inawachanganya. Siku ya kuchukua inahesabiwa? Na wakishuka jioni tumeshafunga? Sasa ni namba moja kwa kila kifaa. Na namba hizo ni za shilingi. Maduka mengi ya wageni yalikuwa na desturi ya kuandika dola, lakini kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya hapa nchini, na tovuti ni tangazo kama bango la mlangoni. Mgeni ana simu, atabadilisha mwenyewe. Tulichoongeza ni mstari unaosema dukani tunapokea taslimu na pesa za simu kwa Lipa Namba.

Malipo ya mtandaoni kwa kadi tuliyaacha. Fundi alikuwa na hamu nayo, ni kazi inayopendeza kwenye wasifu wake, lakini buti haikodishwi bila kujaribiwa. Mtu anasema miguu yake ni 42, anafika, kumbe soksi nene zinamhitaji 43. Ukishachukua hela yake kabla unabaki na kazi ya kuirudisha, na kurudisha hela kwa kadi ya nje kunakula makato na muda. Kwa hiyo fomu yetu ni ya kuhifadhi nafasi tu: jina, tarehe ya kuanza kupanda, njia, vifaa na saizi. Inaingia kwenye barua pepe na nakala inakwenda kwenye simu ya duka.

Kwenye muundo wa mwanzo fomu ilikuwa na sehemu ya namba ya pasipoti. Nikauliza ya nini. "Ndiyo inavyokuwa, dada." Dukani huwa tunaangalia kitambulisho mtu akichukua koti la gharama, hilo sawa, lakini kuzirundika namba za pasipoti za watu kwenye barua pepe ambayo nywila yake imeandikwa nyuma ya kalenda ni kutafuta balaa. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na moja ya mambo inayoyataka ni kwamba usikusanye usichokihitaji. Tukaifuta ile sehemu. Kalenda nayo tukaitoa ukutani.

Jina la tovuti lilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Tulichukua .co.tz, ile ya biashara, kupitia msajili aliyeidhinishwa hapa nchini. Wenye nyumba za wageni wana .hotel.tz yao, nimewaambia marafiki wenye loji na wengi hawakuwa wanajua kwamba ipo. Tulichosimamia kwa ukali ni usajili uwe kwa jina la duka, kwa barua pepe tunayoifungua sisi, na risiti iwe yetu. Kuna mama mwenye duka la vinyago, Arusha, ambaye jina lake la tovuti lilisajiliwa na fundi kwa jina la fundi. Fundi akahama mkoa, akabadilisha laini, mwaka ukaisha, tovuti ikazimika, na mama hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ile ni mali yake. Kadi za biashara alishachapisha boksi zima.

Jambo jingine ambalo hakuna atakayekwambia, kwa sababu halihusu kompyuta: angalia tarehe ya kulipia upya. Tungesajili Mei, malipo yangekuwa yanaangukia Mei kila mwaka, na Mei ndiyo mwezi wa kiangazi cha pesa, masika yamemaliza wageni, duka linaishi kwa kudunduliza. Tulisubiri Agosti, droo ikiwa na kitu, tukalipia miaka miwili kwa mpigo.

Kuhusu gharama, tulipokea makadirio kutoka kwa mafundi kadhaa na moja lilikuwa na mstari wa "cheti cha usalama" wenye bei nene. Cheti hicho ndicho kinachoifanya anwani ianze na https, na tangu 2018 programu ya Chrome inamwandikia mgeni kwamba tovuti isiyo nacho si salama, kwa hiyo ni lazima uwe nacho. Ila Let's Encrypt wanavitoa bure, na kampuni nyingi za kutunza tovuti zinavifunga bila kukulipisha. Nilipouliza, mstari ule ukatoweka kwenye makadirio bila maelezo.

Picha zilitugombanisha na fundi kuliko pesa. Aliweka za kupakua: vilele vyenye theluji, mahema ya njano, mtu ameshika shoka la barafu. Mwongozaji yeyote akiangalia sekunde moja anajua ule si Kilimanjaro, na juu ya hayo picha zina wenyewe. Tukapiga zetu kwa simu. Vifaa tulivitandika kwenye shuka jeupe barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali, kila kimoja mbele na nyuma, na pale penye kiraka tukapiga kiraka. Koti lenye kiraka safi linakodishwa vizuri kuliko koti ambalo mtu hajaliona. Mlima wenyewe, kama unautaka kwenye picha ya juu, amka alfajiri; saa nne asubuhi unaweza kuwa umeshajifunika na usiutoe uso hadi jioni.

Picha moja ya simu ilikuwa megabaiti nne au zaidi. Ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja, mtu aliyeko kwenye basi la Dar anayetumia bando la siku atafunga kabla hajaona kitu. Nilimwambia fundi aijaribu tovuti kwa simu ya wifi, ile yenye kioo kilichopasuka, si kwa laptopu yake. Alipoona inavyojikokota, picha zikashuka hadi kilobaiti mia mbili kila moja na macho hayakuona tofauti.

Huyo mtu wa kwenye basi simtaji bure. Kaunta buku lilionyesha kwamba kuanzia Oktoba meseji za Kiswahili zinaongezeka, na zinafika kilele Novemba mwishoni. Ni Watanzania wanaopanda kuelekea 9 Desemba. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge kileleni, na mpaka leo kila mwaka yapo makundi yanayopanda kuadhimisha siku hiyo. Hawa wanauliza mambo mengine kabisa. "Mangi, lazima buti au raba ngumu inatosha?" "Nikishuka stendi napita wapi?" "Tuko kumi na wawili kutoka ofisini, mtatupunguzia?" Usafi hawaulizi sana, wanauliza baridi. Mtu wa Dar es Salaam hajui koti zito ni zito kiasi gani, anakuja na sweta la shule la mdogo wake.

Fundi alitaka kuweka kitufe cha lugha kigeuze kila kitu. Sisi tukaandika ukurasa wa Kiswahili upya, mmoja tu, mrefu, wenye majibu ya maswali yao: nini unaweza kutoka nacho nyumbani, nini usijaribu kuokoa hela kwacho, bei ya kundi, na jinsi ya kufika ukitokea stendi na ukitokea mnara wa saa. Ramani ya Google nayo tukaisajili, ni bure, na tukahakikisha alama imekaa mlangoni kwetu, siyo kwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara ambako ilikuwa inawapeleka watu kabla. Saa za kufungua tunazibadilisha sikukuu zikija.

Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, na waongozaji hawamo kwenye tovuti hii. Wanakodi kwetu kila wiki, ni nusu ya mapato, lakini hakuna mgumu atakayefungua tovuti kutafuta buti ilhali namba ya wifi anayo kichwani. Fundi aliona tunapoteza nafasi. Mimi naona ukurasa ambao mlengwa wake hatausoma ni wa kulipia bure.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuna ukurasa wa habari. Alitushawishi sana: makala kila wiki, Google inapenda. Nani ataandika? Msimu ukichanganya tunafunga saa mbili usiku na mikono imechubuka kwa maji. Ukurasa wa habari wenye habari ya mwisho ya mwaka juzi unamwambia mgeni kwamba pengine duka lilishafungwa.

Tulichokubaliana ni kwamba fomu zinajibiwa asubuhi kabla ya kufungua na jioni baada ya kufunga, na anayejibu ni mimi, wifi akiwa msaidizi siku za soko. Tuliandika hivyo kwenye fomu yenyewe, kwamba jibu linakuja ndani ya siku moja kwa saa za Tanzania, na meseji za "Hello? Are you there?" zimepungua sana.

Sasa kijana anataka kuweka hesabu ya mabegi yaliyobaki, ijionyeshe yenyewe kwenye ukurasa. Wifi anasema hesabu anayo kwenye kaunta buku na haijawahi kukosea. Nimemwambia kijana aje Novemba, makundi ya ofisini yakianza kupiga simu, akae kaunta nasi tangu asubuhi, aone begi moja linavyoahidiwa kwa watu watatu na bado wote watatu wanaondoka nalo. Akishaona hivyo, atuambie kama kompyuta inaweza.